Madoa meupe kwenye tangi la pikipiki: kasoro iko kwenye kukausha

Swali: Habari za kazi, fundi. Nipo Dodoma, nina Boxer nyeusi niliyoinunua mwaka jana. Naiosha kila Jumapili, lakini ikishakauka tangi linabaki na vidoa vyeupe kama limenyunyiziwa chokaa. Nikisugua kwa nguvu vinapungua, ila sasa jua likipiga naona mikwaruzo ya duaraduara. Vijana wa pale ninapooshea wanasema ipakwe dizeli baada ya kuoshwa. Jirani yangu anasema nitumie dawa ya meno. Nifanyeje rangi isiharibike?

Jibu: Nzuri, kaka. Una matatizo mawili yaliyokutana kwenye tangi moja, na usipoyatenganisha utatibu moja kwa kulizidisha jingine. Hilo ndilo limeshaanza kukutokea. Vidoa vyeupe vinaletwa na maji unayooshea. Mikwaruzo inaletwa na mkono wako unapovisugua. Dizeli na dawa ya meno nitazifikia, maana zote mbili zina ukweli kidogo ndani yake.

Tuanze na maji. Dodoma mjini hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Maji ya chini ya ardhi hupenya kwenye udongo na miamba, na njiani huyeyusha madini, hasa kalisi na magnesi. Ndiyo maana sabuni ya kipande inagoma kutoa povu, na ndiyo maana birika la chai hushika ukoko mweupe kwa ndani. Ukoko ule na vidoa vya tangi lako ni kitu kilekile. Tone likikauka, maji hupotelea hewani lakini madini hubaki palepale, mara nyingi yakiwa yamejazana ukingoni mwa tone, ndipo unapoona pete. Rangi nyeusi haizalishi madoa zaidi ya nyekundu, ila inayaonyesha. Tena ikikaa juani inashika moto upesi, tone linakauka kabla hujageuka kuchukua kitambaa.

Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha kioo kisafi, dondoshea tone la maji ya bomba, pembeni yake tone la maji ya mvua, pembeni tena tone la maji ya betri ya kuongezea (yaliyotolewa madini, si asidi), uyaache yakauke. Utaona mwenyewe ni lipi limeacha alama. Jaribio hili ni la bure, na linamfaa pia mtu wa Kigamboni au Mombasa anayeoshea maji ya kisima yenye chumvi. Yeye ana shida ya ziada, kwani chumvi ikibaki kwenye spoku na kromu huvuta unyevu wa hewani na kuanzisha kutu.

Sasa angalia watu wanavyoosha. Nguvu zote zinaishia kwenye kusugua na povu. Maji ya mwisho yakishamwagwa, pikipiki inaegeshwa juani ijikaushe, mwenye nayo anakwenda kunywa soda. Hapo ndipo madoa yanapozaliwa. Ningekushauri ugeuze hesabu: kusugua kuwe kwepesi na kufupi, muda na uangalifu uende kwenye suuza ya mwisho na kukausha.

Kabla ya hapo ondoa yaliyopo. Osha tangi kwanza vumbi lote liishe. Changanya siki nyeupe ya dukani na maji, nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa laini, kilaze juu ya madoa kwa dakika moja au mbili, pikipiki ikiwa kivulini na tangi likiwa la baridi. Usisugue, iache asidi ya siki ifanye kazi. Inayeyusha ule ukoko wa chokaa na kuugeuza kuwa kitu kinachoondoka na maji. Suuza vizuri, kausha, tazama. Kama vimepungua lakini havijaisha, rudia. Siki isiachwe ikauke juu ya rangi, na isiguse cheni, kromu wala aluminiamu ya injini. Ndimu nayo inafanya kazi hiyohiyo, ila ina sukari na nyamanyama, lazima uichuje. Mimi napendelea siki.

Vidoa vitakavyogoma baada ya siki ni vya aina mbili. Pitisha ukucha taratibu. Ukihisi kama kipele kilichojitokeza, bado ni madini, huenda ni silika (madini ya mchanga), ambayo siki haiiwezi. Ukihisi pamebonyea, au hakuna kitu kabisa lakini jicho linaona alama, basi vanishi ya juu, ile mafundi rangi wanayoiita klia, imeshaliwa. Hapo dawa ni kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, iliyo laini kuliko zote dukani, kwa mkono na si kwa mashine, eneo dogo dogo, ukikwepa kingo za tangi na stika. Kingoni rangi huwa nyembamba zaidi na ndiko watu wanakotoboa mpaka kwenye praima, rangi ya chini kabisa. Elewa pia kwamba kompaundi haisafishi rangi, inaikwangua. Tabaka la vanishi kwa kawaida ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, na kila ukipiga polishi unapunguza. Mara moja kwa miaka kadhaa, sawa. Kila mwezi, hapana. Mimi ningekubali kuishi na vidoa viwili vitatu visivyotoka kuliko kuimaliza vanishi nikivifukuza.

Hapo ndipo dawa ya meno ya jirani yako inapoingia. Inang'arisha kweli, kwa sababu ndani yake kuna unga wa kusugulia, mara nyingi chokaa au silika. Yaani vitu vilevile tunavyohangaika kuviondoa! Ni kompaundi ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya rangi na hujui chembe zake zina ukali gani. Iache kwenye meno.

Dizeli ni hadithi nyingine. Vijana wanaipenda kwa sababu mteja hulipa kwa anachokiona, na dizeli hung'arisha papo hapo, hasa kwenye injini na plastiki nyeusi zilizopauka. Lakini madoa haijayaondoa, imeyafunika. Ukishatembea kidogo kwenye barabara ya vumbi, mafuta yale yanashika mchanga wote unaopita, na siku ukija kupangusa unapangusa kwa msasa. Dizeli pia hulainisha na kuvimbisha raba polepole: mipira ya kwenye kabureta, vifuniko vya vumbi, mpira wa kukanyagia. Ikifika kwenye tairi au ikiingia kwenye dramu ya breki, hilo si suala la urembo tena. Mafuta ya taa yana nafasi yake halali: cheni iliyojaa grisi ya zamani iliyochanganyika na udongo husafishwa vizuri kwa mafuta ya taa na brashi, kisha inapanguswa na kupakwa oili. Kwenye cheni, ndiyo. Kwenye tangi, hapana.

Mikwaruzo, je? Tatizo ni vumbi la Dodoma, ambalo ndani yake kuna mchanga mgumu wa kwatzi. Chembe inayoweza kukwaruza kioo haitaishindwa vanishi. Nina hakika, bila kukuona, kwamba asubuhi kabla ya kuondoka unapitisha kitambaa kikavu kwenye tangi kuondoa vumbi la usiku. Waendesha bodaboda karibu wote hufanya hivyo kijiweni, wakisubiri abiria, tena kwa kitambaa kilekile kilichofuta kiti na taa. Mkono huenda kwa mizunguko, ndiyo maana mikwaruzo ni ya mizunguko. Kuosha kwa Jumapili moja hakuharibu rangi kama hizo asubuhi sita zilizotangulia. Kama huna maji ya kumwagia, liache vumbi. Halidhuru kitu likiwa limetulia.

Sasa kuosha kwenyewe, na nitakupa namna inayotumia madumu mawili ya lita ishirini, maana najua hali ya maji. Chagua asubuhi na mapema au jioni, mahali penye kivuli. Injini iwe imepoa, angalau nusu saa tangu uizime. Eksozi ya moto ukiimwagia maji, yanakauka hapo hapo na kuacha ukoko, na kromu inaweza kubadilika rangi. Ziba mdomo wa eksozi kwa mfuko wa plastiki na mpira, na ukumbuke kuutoa.

Hatua ya kwanza ni kulowesha bila kugusa. Tumia kopo au jagi, mwagia kuanzia juu, vumbi na matope yateremke yenyewe. Matope yaliyokauka kwenye madigadi yaloweshe, yaache dakika tano, yaloweshe tena. Haraka ya kuyakwangua ndiyo inayoleta mistari mirefu ile ambayo hata polishi haiitoi. Nusu ya dumu la kwanza inaweza kuishia hapa, na si hasara.

Kisha sabuni. Ile ya unga ya kufulia iache kwa ajili ya nguo. Imetengenezwa kung'oa uchafu kwenye nyuzi, ni kali kwa aluminiamu isiyopakwa rangi, inaondoa nta yoyote uliyopaka, na punje zake zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza. Tena ina magadi ambayo hukutana na kalisi ya maji yako na kutengeneza utando mweupe mwingine juu ya ule wa kwanza. Sabuni ya kipande nayo, kwenye maji magumu (yenye madini mengi kama yako), hugeuka utelezi wa kijivu unaoganda. Shampuu ya gari ndiyo inayofaa, na chupa moja kwa pikipiki inakaa muda mrefu. Ukiikosa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya chai kwenye lita tano, inatosha. Haiharibu rangi, ila itaondoa nta. Sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani sina neno nayo kwa sakafu, lakini ukali wake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kama inababua mikono, usiipeleke kwenye tangi.

Uwe na ndoo mbili: ya sabuni, na ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila ukipangusa sehemu moja, suuza kitambaa kwenye ndoo ya maji kabla ya kukirudisha kwenye sabuni, la sivyo ndoo ya sabuni inageuka supu ya mchanga. Kitambaa kiwe cha mikrofaiba au fulana ya pamba iliyochakaa, ukikata na kutupa pindo, lebo na maandishi yaliyochapwa. Stilwaya na dodoki vibaki jikoni. Anza na tangi, kisha plastiki, taa na kioo cha spidomita, ambacho ni plastiki na kinakwaruzika kuliko hata tangi. Pangusa kwa mstari ulionyooka kwenda nyuma, bila kuzungusha. Injini, rimu na sehemu za cheni zije mwisho, kwa kitambaa kingine kabisa na brashi. Kitambaa cha rimu kisirudi kwenye tangi hata kikifuliwa.

Kama unaendelea kuoshea kwa vijana wenye mashine ya presha, simama karibu uwaelekeze. Mpira uwe mbali na pikipiki, nusu mita au zaidi, na maji yasilengwe kwenye beringi za magurudumu na za usukani, ekseli, cheni, swichi za mikononi, tundu la ufunguo, kabureta na upande wa kisafisha hewa, wala kwenye ukingo wa stika. Maji ya nguvu huisukuma grisi nje na kuingia mahali pake, na beringi haitalalamika siku hiyo. Itaanza kulia baada ya wiki kadhaa, na hutakumbuka ilianzia wapi. Vitabu vya maelekezo vya baadhi ya watengenezaji, Honda mmojawapo, vinakataza kabisa mashine hizo, kwa hiyo si woga wangu tu.

Tumefika mahali penyewe. Ukishamaliza kusuuza kwa maji ya bomba, na pikipiki ingali imelowa, mwagia sehemu za rangi kwa maji laini yasiyo na madini. Hapa mwenye pikipiki ana bahati kuliko mwenye gari, kwa sababu rangi yote tunayoizungumzia ni tangi, vifuniko vya pembeni, mkia na madigadi. Lita tatu zinatosha. Maji hayo yanasukuma yale magumu yashuke, na hata tone likibaki na kukauka halina cha kuacha.

Utayapata wapi? Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili. Kinga madumu machache kutoka bati, ukiacha maji ya dakika za mwanzo yapite na vumbi la paa. Kiangazi, tafuta maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ofisini au dukani kwa mtu unayemfahamu. Ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, hauna madini, na kwa kawaida unamwagwa bure. Yachuje kwa kitambaa tu. Ikishindikana, nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta au duka la vipuri, lita moja au mbili kwa ajili ya tangi peke yake. Lakini soma chupa! Dukani kuna maji ya betri ya kuongezea, ambayo ni maji safi yaliyotolewa madini, na kuna maji makali, ambayo ni asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya. Chupa zake zinaweza kufanana. Ukikosea hapo, rangi ya tangi itakuwa ndogo katika shida zako, maana kuna macho na ngozi. Kama chupa haina lebo inayosomeka, usiinunue.

Namna ya kumwaga nayo ina maana. Usirushe maji kwa mkono wala kuyanyunyiza, hapo unatengeneza matone. Sogeza mdomo wa jagi karibu na tangi, sehemu ya juu kabisa, na uyaachie polepole yateremke kwa pamoja kama shuka. Maji yanayoteremka hivyo huvutana na kuondoka na wenzake, nawe utabaki na matone machache tu ya kufuta.

Kisha kausha mara moja. Tandaza taulo safi la mikrofaiba juu ya tangi, lipigepige kwa kiganja, linyanyue. Au lishike pembe mbili ulivute kuelekea kwako bila kukandamiza. Kusugua hakuhitajiki, taulo linakunywa lenyewe. Likishalowa sana likamue, au shika la pili. Baada ya hapo hamisha pikipiki kutoka stendi ya kati kwenda ya pembeni, uinamishe kidogo upande wa pili pia, utashangaa maji yanayotoka chini ya tangi, nyuma ya nembo, kwenye vioo vya pembeni, kwenye indiketa na mapezi ya injini. Maji hayo yaliyojificha ndiyo yanayokuja kuchora mistari mieupe dakika kumi baada ya wewe kuingia ndani ukidhani umemaliza. Subiri, rudi na kitambaa kikavu, pitia tena.

Ukiwa na fundi pancha jirani mwenye kompresa, mwombe upepo wa dakika mbili. Upepo hutoa maji kwenye swichi, kwenye kofia ya plagi na kwenye spoku kuliko kitambaa chochote. Usiuelekeze kwenye beringi wala mwilini. Toa mfuko kwenye eksozi, washa injini iungurume kidogo, joto lake limalizie sehemu za chini. Halafu sogea polepole mahali salama ukibonyeza breki mara kadhaa, kwa kuwa breki zilizolowa hazishiki kama ulivyozoea. Wengine hukausha kwa kukimbiza pikipiki barabarani tangu mwanzo. Kwenye lami safi ingefaa, lakini kwenye mitaa ya vumbi unarudi na tangi lililopakwa tope jembamba. Cheni ikishakauka ipake oili yake, hiyo usiiache kwa kesho.

Nta ya gari, mara moja kila miezi miwili hivi, itakusaidia kwa kuwa uchafu hautashika sana na suuza itakuwa nyepesi. Usitegemee kwamba itazuia madoa, kwani juu ya nta maji husimama kwa matone yaliyovimba, na kila tone likiachwa juani lina madini ya kutosha kuacha pete nzito. Anayepaka nta anapaswa kukausha kwa bidii zaidi. Isifike kwenye kiti, tairi, diski wala dramu. Kwa wenye tangi la rangi isiyong'aa, nta na kompaundi haziwahusu kabisa, zitaacha mabaka yanayong'aa yasiyorudi tena.

Angalia pia mdomo wa tangi. Ukijaziwa mafuta mpaka yakamwagika kidogo, petroli hukausha na kupausha rangi kuzunguka kifuniko. Lipangusie hapo hapo kituoni kwa kitambaa chenye maji, ila baada ya kufunga kifuniko.

Kuhusu kila Jumapili, si lazima. Wiki ambayo hukutoka nje ya lami, mwagia maji ya kusuuza, kausha, basi. Kila kitambaa unachopitisha ni nafasi ya kukwaruza. Lakini mvua ya kwanza ya msimu ikikunyeshea njiani, usiiache pikipiki ikauke yenyewe ukifika nyumbani. Mvua laini hiyohiyo inakuwa imeshusha vumbi la miezi saba lililokuwa hewani, na barabara imekurushia lake. Jagi mbili za maji safi na taulo, hata kama ni usiku.